Nikipigia chama kidogo Marekani, kura nimeitupa?

"Habari mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Grand Rapids, Michigan, na nimeapa juzi juzi tu nikapata uraia, sijawahi kupiga kura hapa. Vyama hivi viwili vikubwa vyote vimenichosha. Nimesoma sera za vyama vidogo, Green cha mazingira na Libertarian cha serikali ndogo, kuna mambo nakubaliana nayo kabisa, lakini nikisema hivyo kazini naambiwa natupa kura, na mmoja akaniambia kumpigia wa chama kidogo ni sawa na kumpigia yule usiyemtaka. Kama ni hivyo hivi vyama vipo vya nini? Kwetu Kenya chama kidogo kina maana, kinaingia muungano na kinapewa wizara. Binamu yangu yuko Portland, Maine, anasema wao wanapanga wagombea kwa namba, moja, mbili, tatu, mbona huku hatuna? Halafu nje ya supamaketi kulikuwa na kijana anakusanya sahihi ili chama fulani kiingie kwenye uchaguzi, nikasaini na mume wangu akasaini, ila yeye bado ana green card. Kuna tatizo?"

Dada yangu, hongera kwa uraia. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndo lenye haraka.

Kusaini ile karatasi si kupiga kura, kwa hiyo mumeo asikose usingizi. Lakini Michigan fomu zile ni za watu waliojiandikisha kupiga kura tu, na mtu wa green card akiweka jina lake kwenye karatasi ya wapiga kura anaweza kuja kuulizwa siku anaomba uraia, maana ile fomu N-400 ina swali la kama umewahi kujidai raia, na lingine la kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura popote Marekani. Asisaini tena. Na kabla hajaigusa hiyo N-400 aende kwa wakili wa uhamiaji, uso kwa uso, amweleze alisaini nini na wapi, asimfiche kitu. Kama pia aliwahi kujazishwa fomu ya usajili wa kura kwenye kaunta ya leseni za udereva akidhani ni makaratasi ya kawaida, hilo ndo zito zaidi na aanze nalo, kwa sababu asiye raia akipiga kura anaweza kufukuzwa nchini hata kama hakuwa na nia mbaya. Wale wanaojiita wasaidizi wa fomu mtaani wasimjibie hili, na mimi pia sio wakili wake. Kwa upande wako hamna shida kubwa kama hukujua, siku ile kama ulikuwa hujajiandikisha basi sahihi yako haitahesabiwa, nenda kajiandikishe.

Haya, tuje kwenye siasa. Wenzako kazini wamepatia kidogo na wamekosea pakubwa.

Chukua mfano wa wagombea wawili wakubwa, A na B, na wewe ukibanwa sana ungemchagua A. Ukimpigia A anaongezeka moja. Ukimpigia B, B anaongezeka moja. Ukimpigia wa Green, pengo la A na B linabaki vile vile lilivyokuwa, sawasawa na kama ungebaki nyumbani siku hiyo. Kwa hiyo hukumpa B kura, ila A amekosa moja ambayo angeipata kutoka kwako, na hiyo ni nusu tu ya madhara ambayo A angepata kama ungehamia kwa B moja kwa moja, maana hapo angepoteza moja na mpinzani akaongeza moja. Na kama bila huyo wa Green usingeenda kituoni kabisa, basi A hajakosa chochote. Watu wengi wa vyama vidogo wako hivyo hivyo, wasipomuona mgombea wao kwenye karatasi wanakaa nyumbani, na lawama nyingi zinasahau hilo.

Angalia jimbo lako lenyewe mwaka 2016. Trump alimshinda Clinton Michigan kwa kura 10,704. Mwaka huo Jill Stein wa Green alipata zaidi ya 51,000 hapo hapo Michigan, Gary Johnson wa Libertarian akapata zaidi ya 172,000, na kuna karatasi karibu 75,000 ambazo watu walipiga kura za viti vingine wakaacha nafasi ya rais wazi. Sasa nani aliamua? Ukitaka kumlaumu Stein unaweza, lakini lazima udhani karibu kila mtu wake angeenda kwa Clinton, na papo hapo ujifanye huwaoni watu wa Johnson, ambao wengi wao ukiwauliza kuhusu kodi na serikali wanaongea kama Republican. Pengo likiwa dogo hivyo, kila kundi lililo kubwa kuliko hilo pengo linaweza kubebeshwa mzigo, hata walioacha nafasi wazi. Mwaka 2024 tena watu waliokasirishwa na vita vya Gaza walimpigia Stein, hasa Dearborn, na jimbo zima alipata kama 44,000, lakini Trump alishinda Michigan kwa karibu 80,000, kwa hiyo hata wangehamia wote kwa Harris matokeo yangebaki yale yale. Walionyesha hasira yao ikaonekana na kuhesabika, ila matokeo hawakuyabadili.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba haijawahi kutokea. Florida mwaka 2000, Bush wa Republican alimzidi Gore wa Democratic kwa kura 537. Mia tano thelathini na saba, jimbo zima, na jimbo hilo ndo lililompa urais. Ralph Nader wa Green alipata 97,488 Florida. Hata ukisema wengi wao wangebaki nyumbani, hata ukisema kundi fulani lingeenda kwa Bush, ni vigumu sana kupiga hesabu ambayo Nader akiondolewa pale Gore hapati hizo 538. Wafuasi wa Nader mpaka leo hawapendi kusikia hili, nawaelewa, lakini mtu akikuambia kura ya chama kidogo haina madhara kamwe, mkumbushe Florida.

Sasa kwa nini mambo yako hivi? Wengi hudhani sheria imeandika vyama viwili. Haijaandika. Katiba ya Marekani haina hata neno chama ndani yake, na waliounda nchi wengi wao walikuwa hawavipendi vyama kabisa. Kilichozaa vyama viwili ni namna ya kuhesabu: kiti kimoja, mwenye kura nyingi anakichukua, hata kama ana asilimia 38, waliobaki wanaenda nyumbani mikono mitupu. Mfaransa mmoja, Maurice Duverger, alilieleza hili vizuri miaka ya 1950, akasema kuna nguvu mbili zinafanya kazi pamoja. Ya kwanza ni hesabu yenyewe, chama chenye asilimia 10 kila wilaya hakipati asilimia 10 ya viti, kinapata sifuri. Ya pili ni kichwani mwa mpiga kura, akishaona mara moja mbili kwamba mtu wake anapata sifuri anaanza kujiuliza kati ya wale wawili wenye nafasi yupi afadhali, na wafadhili wanajiuliza hivyo hivyo, na vijana wenye vipaji vya siasa wanajiuliza hivyo hivyo, kwa hiyo chama kidogo kinazidi kuwa kidogo kwa sababu kila mtu anaamini kitabaki kidogo.

Hapo utaniuliza, mbona Kenya wabunge wanachaguliwa kwa mtindo huo huo wa mwenye nyingi na vyama vimejaa? Ni kwa sababu kanuni hii inavinyonga vyama vilivyotawanyika, chama chenye nyumbani kwake inakiacha kipumue. Chama cha Ford Kenya kina ngome yake Bungoma. Green ya Marekani ina kidogo hapa kidogo pale, haina Bungoma yake. Uingereza walituonyesha vizuri 2024: Reform UK walipata asilimia 14 ya kura zote wakaambulia viti 5, Liberal Democrats walipata asilimia 12, yaani wachache kuliko wale, wakachukua viti 72, kwa sababu kura zao zilikuwa zimekusanyika sehemu chache na wakajua wazifuate wapi.

Na suala la wizara. Kule nyumbani rais anatakiwa apate zaidi ya nusu ya kura na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, akikosa kuna duru ya pili, kwa hiyo kila mwenye kundi lake ana kitu cha kuuza kabla ya uchaguzi. 2022 Mudavadi na Wetang'ula waliingia Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, na vyama vyao, Ruto akavuka nusu kwa shida, na leo mmoja ni Mkuu wa Mawaziri mwingine Spika. Marekani soko hilo halipo. Rais anatafuta kura 270 kati ya 538 za wajumbe, yaani watu wa kila jimbo ambao ndo wanaomchagua rais rasmi, na majimbo 48 yanampa mshindi wa jimbo wajumbe wote hata kama hakufika nusu, ni Maine na Nebraska tu wanaogawa. Asipopatikana mwenye 270 hakuna duru ya pili wala mazungumzo ya muungano, uamuzi unaenda Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja, na ndani ya baraza hilo wamekaa hao hao wa vyama viwili. Mwaka 1968 George Wallace alijaribu mchezo huo kwa makusudi, akagombea na chama chake akitaka kuwazuia wakubwa wote wasifike ili waje kupiga magoti kwake. Alichukua majimbo matano ya kusini, kura 46 za wajumbe, halafu Nixon akapata 301 na biashara ikaishia pale. Ross Perot mwaka 1992 alipata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima, watu zaidi ya milioni 19, na kura za wajumbe alipata ngapi? Hata moja hakupata.

Juu ya hesabu kuna vikwazo vya kuwekwa na mikono ya watu, na hapa hasira yako ni halali. Kila jimbo lina masharti yake ya kuingia kwenye karatasi ya kura, na masharti hayo yanaandikwa na mabunge ya hao hao wakubwa. Ndo maana yule kijana alikuwa nje ya supamaketi badala ya kuwa mlangoni kwako anakueleza sera. Hapo Michigan chama kikishaingia kinatakiwa kila mara mgombea wake mkuu apate angalau asilimia 1 ya kura alizopata mshindi wa kiti cha Katibu wa Jimbo (yule anayesimamia uchaguzi), ambayo kwa matokeo ya 2022 ni kama kura 25,000, la sivyo wanaanza tena kuzunguka na ubao. Midahalo ya urais nayo, tangu 2000 tume iliyokuwa ikiiandaa ilidai asilimia 15 kwenye kura za maoni, sasa utafikaje 15 bila kuonekana kwenye mdahalo, na utaonekanaje bila 15. (Michigan ina vituko vyake. Robert Kennedy Jr. 2024 alipitia chama kinaitwa Natural Law, kilichoanzishwa na watu wa kutafakari kwa kufumba macho, ambacho kitaifa kilikufa miaka ishirini nyuma lakini Michigan kilikuwa bado kina nafasi kwenye karatasi. Alipojitoa akamuunga mkono Trump, Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema jina haliondoki. Maelfu wakampigia mtu ambaye hagombei.)

Lakini kikwazo kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yangu, hakionekani kama kikwazo: ni kura za mchujo. Nchi nyingine ukitofautiana na chama chako unaanzisha chako. Marekani unaingia mchujo wa chama kikubwa na ukishinda unakichukua kizima kizima, viongozi wa chama hawana mamlaka ya kukukata jina. Trump mwenyewe mwaka 1999 alijiunga na Reform, chama cha Perot, akapima maji ya kugombea urais wa 2000, akajitoa Februari. Aliporudi 2015 hakwenda tena chama kidogo, alipitia mchujo wa Republican, na kilichofuata unakijua. Upande wa pili mtazame Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, msoshalisti anayejiita hivyo bila haya. Hakugombea umeya wa New York na chama cha wasoshalisti, aliingia mchujo wa Democratic Juni 2025 akamwangusha gavana wa zamani. Kwa mtu mwenye akili za kisiasa mlango huo ni mwepesi, na kila anayeupita anakiacha chama kidogo bila mtu wa maana wa kukisimamia.

Basi vipo vya nini? Kazi yake kubwa kihistoria imekuwa kubeba jambo ambalo wakubwa wanaogopa kuligusa, mpaka watu wa kutosha walipigie kura na mkubwa mmoja alimeze. Hadithi ninayoipenda ni ya wapinga utumwa, kwa sababu ndani yake kuna hoja yako na hoja ya wenzako wa kazini vyote kwa pamoja.

Mwaka 1844 Whig na Democratic, vyama viwili vikubwa vya wakati huo, wote walikuwa wanakwepa suala la utumwa maana wote walikuwa na wapiga kura kusini. Kikundi kidogo kinaitwa Liberty kikamsimamisha James Birney. New York alipata kura zaidi ya 15,000, na Henry Clay wa Whig akaikosa New York kwa kama 5,000 tu, na kwa kuikosa New York akakosa urais. Aliyeingia ni James Polk, mmiliki wa watumwa aliyekuwa anaitaka Texas waziwazi, na Desemba 1845 Texas ikaingia kama jimbo la watumwa. (Clay naye alikuwa na watumwa, sema alikuwa mzito kuhusu Texas.) Fikiria walivyosemwa watu wa Birney mwaka huo! Kila walichoambiwa ndo unachoambiwa wewe leo, na kwa miaka michache waliowasema walikuwa na ushahidi. Halafu 1848 wakaja Free Soil, kwa kumsimamisha rais wa zamani Van Buren, wakapata kama asilimia 10. Mwaka 1854 sheria ya Kansas na Nebraska ikafungua maeneo mapya kwa utumwa, Whig wakasambaratika wenyewe kwa wenyewe, na mabaki yao pamoja na hao Free Soil na Wademokrati waliokasirika wakaunda Republican. Mwaka 1860 Lincoln akashinda kwa chini ya asilimia 40 ya kura. Kuanzia Birney mpaka Lincoln ni miaka 16. Hiyo ndo mara pekee chama kipya kimeshika nafasi ya mkubwa mmoja, na zingatia kwamba hakikumshinda mkubwa aliye imara, kiliokota kiti ambacho mwenyewe alikuwa ameshakiacha.

Wakulima wa People's Party mwaka 1892 walikutana Omaha wakadai maseneta wachaguliwe na wananchi, badala ya mabunge ya majimbo ilivyokuwa, na wenye mapato makubwa walipe kodi ya mapato zaidi. Mgombea wao James Weaver alipata asilimia 8.5. Miaka minne baadaye Democratic wakamsimamisha Bryan mwenye lugha yao, nao wakamuunga mkono, na chama kikaisha. Mwaka 1913 hayo yote mawili, kodi ya mapato na maseneta wa kuchaguliwa, yakaingia kwenye Katiba. Perot naye alizunguka na chati zake za nakisi ya bajeti mpaka wakubwa wakaanza kushindana nani atasawazisha hesabu.

Ila usiamini wanaosema vyama vidogo siku zote hubeba mambo mema. Wallace wa 1968 alikuwa anabeba ubaguzi wa rangi, na Republican walizisaka kura zake za kusini kwa miaka mingi baada ya hapo. Njia ni ile ile, wakubwa wanameza kilicho na kura ndani yake.

Binamu yako wa Portland sasa. Maine walichoka mwaka 2010 walipopata gavana kwa asilimia chini ya 38, wapinzani wake wakiwa wamegawana kura, ndipo 2016 wananchi wakapitisha mfumo wa kupanga. Ni kama unavyomtuma mtoto dukani, mwambie alete maziwa ya mtindi, kama hamna alete maziwa fresh, kama hamna basi alete unga arudi. Unaweka wa Green namba moja, yule A wako namba mbili, wa Green akiwa wa mwisho anatolewa na kura yako inahamia kwa A. Mwaka 2018 kiti cha ubunge cha wilaya ya pili ya Maine, Bruce Poliquin aliongoza hesabu ya kwanza lakini hakufika nusu, kura za wagombea binafsi wawili zikahamishwa, Jared Golden akashinda. Hata huko haujakamilika, ugavana wa Novemba hautumii kupanga kwa sababu katiba ya jimbo inasema mwenye nyingi. Alaska nao wanao, 2024 ulinusurika kufutwa kwa chini ya kura 1,000, wakati majimbo kadhaa mengine mwaka huo huo waliukataa. Michigan hamna kwa sababu sheria ya jimbo haijaruhusu, na miji iliyoutaka imekwama hapo. Nami nauunga mkono, ila usiutegemee kwamba utaleta wabunge wa Green. Unakuondolea hofu ya kumharibia A, basi. Kiti kikibaki kimoja bado anashinda mmoja, na viti kugawanywa kwa asilimia ni jambo ambalo Bunge la Marekani haliko karibu hata kulijadili kwa uzito.

New York wana njia nyingine, chama kidogo kinaweza kumsimamisha mgombea yule yule wa chama kikubwa na kura zinajumlishwa. Mamdani jina lake lilitokea mara mbili Novemba 2025, mstari wa Democratic na mstari wa Working Families, na wewe ungeweza kumpigia kwa mstari mdogo ukatuma ujumbe bila kumpunguzia kitu. Kwangu huu ndo mpango wenye akili kuliko yote kwa chama kidogo, na Michigan hairuhusu.

Kwa hiyo ufanyeje? Urais Michigan ni jimbo linalogombaniwa, na kama kati ya wawili kuna mmoja unayemwona wa hatari kweli, mimi ningempigia yule mwingine bila kujisikia nimesaliti kitu. Ungekuwa unaishi California au Alabama ningekuambia pigia Green kwa raha zako, pengo kule ni kubwa mno hata kukufikiria. Na kama wote wawili kwako ni sawa kabisa, si kwa hasira za leo bali umekaa ukapima, basi huna unachomnyima mtu na kura ya chama kidogo ndo kura yako halali. Wanasema pia wakifika asilimia 5 kitaifa wanapata fedha za serikali uchaguzi unaofuata, ni kweli, lakini Nader 2000 hakufika hata 3, kwa hiyo hiyo sababu peke yake usiibebe sana.

Lawama yangu kwa vyama vidogo ni kwamba nguvu zao zote zinaenda kwenye urais, mahali pagumu kuliko pote. Ng'ambo ya ziwa kutoka kwenu, Milwaukee, wasoshalisti walishika umeya tangu 1910 kwa vipindi mpaka 1960, Daniel Hoan peke yake 1916 mpaka 1940, na walikuwa wanajisifia mifereji ya majitaka na bustani za umma mpaka wenzao wenye nadharia nzito wakawacheka. Vermont wana Progressive wenye wabunge wa jimbo mpaka leo. Minnesota 1998 Jesse Ventura, mcheza mieleka aliyewahi kuwa meya, alichukua ugavana kwa asilimia 37 na chama cha Reform, katika jimbo ambalo watu wanajiandikisha siku hiyo hiyo na alikuwa ameruhusiwa kwenye midahalo. Hata Michigan, Mike Duggan aliyekuwa meya wa Detroit alitangaza Desemba 2024 kugombea ugavana wa 2026 kama mgombea binafsi, baada ya maisha yote ndani ya Democratic. Kwenye viti vya chini, kwa mfano kiti cha kaunti ambacho chama kimoja kikubwa hakijaweka hata mtu, kura yako kwa Libertarian au Green ina uzito wa kweli, na ndo inayowasaidia kubaki kwenye karatasi.

Halafu usiisahau Agosti. Mchujo wa Michigan uko wazi, hujiandikishi na chama, unachagua safu moja ukiwa peke yako na karatasi yako. Watu wanaojitokeza ni wachache kuliko Novemba, kwa hiyo sauti yako ni kubwa zaidi, na kama ulivyoona kwa Trump na Mamdani huko ndiko vyama vikubwa vinakobadilishwa. Baki kwenye safu moja tu, ukiweka alama kwenye safu mbili sehemu ya vyama yote inaharibika.

Novemba juu kabisa utakuta nafasi ya kupigia chama kizima kwa alama moja. Kwa mtu wa aina yako usiijaze, au ukiijaza ujue unaweza bado kuweka alama kwa mtu wa chama kingine kwenye kiti fulani na hiyo ndo itahesabiwa kwa kiti hicho. Na hiyo alama moja haigusi sehemu isiyo na vyama, majaji, bodi za shule, mapendekezo ya kodi, ambayo mara nyingi iko nyuma ya karatasi, lazima uigeuze. Tovuti ya uchaguzi ya jimbo inakuonyesha mfano wa karatasi yako kabla, na ukiwa na wasiwasi kama usajili wako umekubaliwa nenda mwenyewe ofisi ya karani wa mji na kitambulisho, wakuangalizie kwenye kompyuta ukiwa hapo hapo.